Kisanduku cha Sauti Kiunoni mwa Mama

Sauti iliyonishtua kwanza ilitoka kwenye vinywa vya watoto wenzangu, wote kwa pamoja, nami nilikuwa mmoja wao. Mama alikuwa amesimama mbele ya ubao, kijiti cha kuonyeshea kikiwa chini ya herufi, akitusomesha silabi kama ilivyokuwa desturi: yeye anatamka, sisi tunarudia. Alisema ba, tukasema ba. Alisema be, tukasema be. Alisema bi. Alipofika bo sauti yake ilipasuka katikati, ukatoka mkwaruzo mkavu kama jani la mgomba linapochanwa, kisha pumzi tupu. Na sisi, watoto watiifu wa Darasa la Kwanza, tusiojua tofauti kati ya somo na ajali, tulirudia tulichokisikia. Tulikwaruza. Tulikwaruza kwa bidii, shingo zikiwa zimenyooshwa, darasa zima, na sauti hiyo ikagonga bati na kuturudia.

Hakuna aliyecheka. Hilo nalikumbuka vizuri kuliko yote, na nimelichunguza mara nyingi nikitafuta kama kumbukumbu inanidanganya. Hatukucheka kwa sababu tulidhani bo ndivyo inavyosomwa. Mama alitutazama kwa muda, akaweka kijiti mezani, akaenda dirishani na kusimama akitupa mgongo, uso wake ukielekea mlimani. Nilimwona akijishika koo kwa vidole viwili, kama mtu anayetafuta kifungo kilichokatika.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu ya kipande cha sifongo. Nimerudi nyumbani Bigwa, chini ya milima ya Uluguru, kwa mapumziko ambayo sikuyapanga. Hivi karibuni nilisimama mbele ya jopo chuoni kutetea pendekezo langu la utafiti, na mjumbe mmoja akaniambia kwa upole kabisa, "Binti, ongeza sauti kidogo," nayo sauti ikakataa kuongezeka. Ilitetemeka, ikapungua, nikamalizia hoja zangu kwa kuonyesha kwa kidole slaidi zilizokuwa ukutani. Sikuwa mgonjwa, niliogopa tu. Lakini mtu wa aina yangu, anayesoma ujumbe mara tatu kabla ya kuutuma, haliachi jambo kama hilo lipite. Siku ya pili baada ya kufika nilikuwa natafuta sindano kwenye droo ya mama, nikakuta sifongo jeusi la duara, dogo kama kunazi, la kufunika ncha ya maiki. Nililinusa kabla sijajua kwa nini. Lilikuwa na harufu ya tangawizi na chaki, na nyuma yake kwa mbali harufu ya pumzi ya mama.

Shuleni aliitwa Mwalimu Zaina, hata na mimi. Sheria hiyo aliiweka mwenyewe: tukivuka mfereji wa barabarani yeye si mama tena mpaka tuuvuke tena kurudi. Kabla koo halijaharibika, sauti yake ilikuwa mali ya mtaa. Aliponiita kutoka uani, niliisikia nikiwa juu kwenye migomba, na watoto wa nyumba za jirani walinyanyuka pamoja nami wakidhani nao wameitwa. Darasani aliihitaji yote. Tulikuwa wengi kuliko madawati, wengine wakikaa sakafuni, na juu yetu palikuwa na bati tupu lisilo na dari. Anayeijua mvua ya Uluguru anajua maana yake. Mvua ilipoanza kupiga lile bati, walimu wa madarasa mengine walikunja mikono na kungoja ipite. Mama hakungoja. Alishindana nayo kwa sauti, mwaka baada ya mwaka, na kwa muda mrefu alikuwa akishinda.

Ukwaruzaji wa siku ile haukuwa wa kwanza kwake, ulikuwa wa kwanza kwetu. Baada ya hapo ulizoeleka. Asubuhi alikuwa na sauti nzito ya mwanamume, ifikapo mchana ilikuwa mikwaruzo, jioni alinong'ona. Alikunywa tangawizi, asali na ndimu, na kila dawa aliyoshauriwa na jirani. Mwisho alienda hospitali mjini, nami nikaenda naye kwa kuwa hapakuwa na wa kuniachia. Daktari alimtazama kooni, akasema kuna vinundu vidogo kwenye nyuzi za sauti, vya mtu aliyepiga kelele kwa miaka mingi. Halafu alisema maneno ambayo nadhani hakuyapima, kwa sababu hakujua kwamba kwenye kiti cha pembeni amekaa mtoto wa aina yangu: "Sauti yako imechoka, Mwalimu. Iliyobaki uitunze. Usiitumie ovyo."

Iliyobaki. Nyuma ya jiko letu palikuwa na tangi jeusi la maji. Maji ya bomba yalikuja kwa mgawo, na mama alikuwa na tabia ya kuligonga lile tangi ubavuni kwa ngumi, kuanzia juu kushuka chini, akisikiliza mlio unapobadilika ili ajue maji yameishia wapi. Nilivielewa vinundu vya daktari kwa njia hiyo moja tu niliyokuwa nayo. Ndani ya mama palikuwa na tangi la sauti. Watoto wa miaka yote waliokwisha kupita darasani walikuwa wameteka humo, na sasa tulikuwa tumekaribia chini. Jioni, mama alipokaa kwenye kigoda akichambua mchele, nilimwegemea kwa nyuma, nikabandika sikio mgongoni mwake na kusikiliza. Yeye alidhani ninadeka, akanipapasa kichwa. Mimi nilikuwa napima.

Nikaanza kubana matumizi. Niliyapanga maneno ya mama kwa umuhimu, na nikagundua kwamba mengi anayatamka kwa sababu yangu. Nikiuliza swali, anajibu. Basi niliacha kuuliza. Nikipiga hodi, lazima aseme karibu. Basi niliingia kimyakimya, nikimshtua mara kwa mara. Lakini tundu kubwa kuliko yote, nililiona wazi, lilikuwa shikamoo. Ukimwambia mtu mzima shikamoo, hawezi kuiacha ikining'inia hewani. Ataitika marahaba hata kama yuko kitandani na homa. Kila shikamoo yangu ilikuwa bomba ninalolifungua mimi mwenyewe, asubuhi, mchana na jioni. Nikalifunga, kwa mama na kwa rafiki zake pia, wasije nao wakaishiwa.

Sasa najua jinsi ilivyoonekana kwa nje. Mtoto wa mwalimu, mtoto wa nyumba ya Kiislamu yenye adabu zake, anaamka na kumpita mama yake bila salamu. Mwalimu Desideria, rafiki wa mama aliyefundisha Darasa la Pili upande wa pili wa ukuta, mtu wa milimani mwenye kicheko kikubwa, alilitaja mbele yangu akidhani sisikii.

"Zaina, huyu binti yako siku hizi ananipita kama mbuzi."

"Hata mimi," mama alinong'ona.

"Hata wewe? Umemkosea nini?"

Mama aliinua mabega. Alijipapasa koo, akatazama pembeni. Alidhani namwonea aibu. Nilimwona akidhani hivyo, na sikuelewa nilichokuwa nakiona.

Kama ningeishia nyumbani, labda mambo yangekwenda polepole. Lakini niliona hesabu ya nyumbani ni ndogo mno. Upotevu mkubwa ulikuwa darasani, ambako kila asubuhi mwalimu akiingia tulisimama na kupiga shikamoo moja ndefu ya kuimba, naye lazima aitike marahaba, kisha hamjambo, kisha kaeni. Wakati wa mapumziko niliwakusanya wenzangu kando ya choo na kuwaeleza. Nilieleza vizuri; nilikuwa na kipaji cha kueleza hata wakati ule.

"Kwa hiyo tukimwamkia anaisha?" aliuliza Mwanaidi, niliyekaa naye dawati moja.

"Sauti ndiyo inaisha. Yeye anabaki."

"Akibaki bila sauti atafundishaje?"

"Ndiyo maana tusimwamkie."

Waliliafiki kwa uzito ambao sijauona tena kwenye kikao chochote. Kesho yake mlango ulifunguliwa, mama akaingia, na nyuma yake akaingia Mwalimu Mkuu. Tulisimama wote kwa pamoja, wima, mikono ubavuni, midomo tumeifunga. Ukimya ule ulikuwa zawadi. Nilimtazama mama nikingoja afurahi.

Mwalimu Mkuu alikuwa mwanamume mrefu, mpole kwa kawaida, aliyeogopa sana mambo kuharibika mbele ya wakubwa wake. Alitutazama, akamtazama mama.

"Hawa hawasalimii?"

Mwanaidi alikuwa ameshika pumzi mpaka mashavu yamevimba.

Alimwita mama nje. Walisimama chini ya dirisha langu, na maneno yake yote yaliniingia.

"Mwalimu Zaina, mimi sikulaumu. Ugonjwa ni ugonjwa. Lakini umeona mwenyewe, darasa limekufa. Watoto hata shikamoo hawana. Muhula ujao ukianza utakwenda kukaa stoo ya vitabu, kazi nyepesi, na Darasa la Kwanza nitampa mwingine. Jina lako nimeshalitaja kwa Afisa Elimu Kata. Mpigie mwenyewe umwambie umekubali. Akisikia kutoka kwako, hakuna atakayeuliza tena."

Mama hakusema kitu. Ningependa kuandika kwamba alinyamaza kwa hasira au kwa mkakati. Alinyamaza kwa sababu siku ile koo lilikuwa limeamka bila sauti kabisa, hata ile nzito ya asubuhi.

Ili uelewe kilichokuwa kinamtoka mikononi, lazima uijue stoo, na uijue simu. Stoo ilikuwa chumba kisicho na dirisha, chenye vitabu vilivyoliwa kingo na mende. Mama hakuwahi kufundisha darasa jingine ila la Kwanza, na hakutaka jingine. Alisema katika madarasa mengine yote watoto wanajifunza mambo, lakini hapa tu ndipo mtoto anapoingia hajui kusoma na kutoka anajua, na wewe umesimama pale pale ukimwona usoni siku jambo hilo linapotokea. Kuhusu simu, tangu koo liharibike alikuwa hapigi wala hapokei. Kila aliyejaribu kuzungumza naye alisema haloo, haloo, mtandao mbovu, kisha alikata. Baada ya kukatiwa mara nyingi alihamia kwenye ujumbe mfupi, na simu yake ya vitufe ikawa kitu cha kuandikia tu. Sasa alitakiwa apige, na apige ili ajiondoe mwenyewe.

Jioni ile alinikalisha juu ya mkeka, akanishika magoti yote mawili, akaninong'oneza, "Niambie. Nimekufanya nini?"

Nikamweleza tangi. Nilimweleza kwa mpangilio, kuanzia maneno ya daktari mpaka shikamoo, mpaka kikao cha kando ya choo. Nilipofika katikati mabega yake yalianza kutikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, kicheko kisicho na sauti hata kidogo, machozi yakimtiririka, na alicheka mpaka akalala chali kwenye mkeka na kujifunika uso kwa kanga. Halafu nadhani alilia pia, kidogo, kwa sababu kanga ilikaa usoni muda mrefu kuliko kicheko.

Alipoinuka alinichukua mkono, akauweka kooni mwake.

"Maji ukiyateka yanapungua," alisema. "Hii siyo maji. Hii ni kama mguu. Umeteguka, unauma, unauendesha polepole. Lakini hauishi kwa kuutembelea. Umenisikia?"

"Ndiyo."

"Haya, niamkie."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Ilitoka mbovu, ya kukwaruza, nikaisikia ikitikisika chini ya kiganja changu. "Imebaki, haijabaki?"

"Imebaki."

"Niamkie tena."

Tukaendelea hivyo, shikamoo na marahaba, shikamoo na marahaba, mpaka na mimi nikacheka. Kesho yake darasa liliamkia kwa kishindo cha kulipa deni, na Mwalimu Desideria akagonga ukuta kutoka upande wa pili kutaka kujua kuna nini. Lakini Mwalimu Mkuu hakuwapo kusikia, na jina lilikuwa limekwisha kwenda.

Aliyekuja na jawabu alikuwa Mjomba Shabani, kaka yake mama, mnunuzi wa karanga aliyekuwa akienda Gairo na kurudi. Kwetu mjomba ndiye mwenye neno katika nyumba ya dada yake, na Mjomba Shabani aliifurahia sana haki hiyo. Aliingia siku hiyo bila gunia la karanga. Alikuwa na kisanduku cha plastiki chekundu, kikubwa kama nusu ya tofali, chenye mkanda wa kufunga kiunoni na waya mwembamba unaoishia kwenye maiki ya kuvaa kichwani.

"Dada, shika."

"Nini hiki?" mama alinong'ona.

"Sauti."

Mama alikigeuza, akakitazama nyuma na mbele, akakirudisha mapajani mwa kaka yake. "Hiki ni cha muuza dawa ya panya wa pale Mikese."

"Ndicho chenyewe. Amepata kikubwa zaidi, hiki kaniachia. Sasa fikiria. Yule bwana anaongea toka mabasi ya kwanza mpaka ya mwisho, koo halijawahi kumuuma. Wewe mwalimu mzima unapiga kelele kama mpiga debe."

"Nikivaa hiki wataniita muuza dawa ya panya."

"Wakuite. Leo wanakuita nani? Hawakusikii hata ukiitika."

Mama alimtazama kwa jicho ambalo mimi ningelikimbia. Mjomba alichukua karanga kwenye sahani na kuanza kumenya. Baada ya muda mama alinyoosha mkono, akakivuta kile kisanduku kwa mkanda wake.

Jaribio la kwanza lilifanyika uani na lilikuwa baya. Alipokiwasha kilitoa mluzi mkali uliotawanya kuku na kumtoa jirani nje. Mjomba alipaza sauti ya maelekezo, kisanduku kikapaza mluzi zaidi, na ikachukua muda kugundua kwamba maiki ikielekezwa kwenye spika vinaanza kusikilizana vyenyewe na kupiga kelele. Mama alikisogeza kisanduku nyuma ya kiuno. Alijifunza kutosimama karibu na ukuta. Alijifunza kuweka maiki pembeni kidogo ya mdomo ili pumzi isigonge. Aliifunika kwa sifongo. Kisha, alipokwisha kujifunza hayo yote, alisema kwa sauti ndogo kabisa, sauti ya mtu anayezungumza na aliye karibu naye, "Haya, njoo ule."

Nilikuwa juu kwenye migomba. Niliisikia.

Nimejaribu kueleza tukio hilo kwa watu na sijafaulu, labda kwa sababu linaonekana dogo. Nilikuwa sijawahi kuijua sauti ya mama ya kawaida. Niliijua ile ya kuita, ile ya kushindana na mvua, na baadaye ile iliyovunjika. Hii ilikuwa nyingine, ya chini, yenye utulivu na ucheshi kidogo pembeni, na ilipanda mlimani bila kujikaza. Alikuwa nayo wakati wote. Hakuwahi kupata nafasi ya kuitumia. Mbele ya lile jopo chuoni nilipoambiwa niongeze sauti, nilidhani ninatakiwa kupanda mahali ambapo sifiki. Sikukumbuka hata kidogo kwamba nimewahi kumwona mtu akisikika kwa kushuka.

Siku alipokivaa kwenda shuleni alijitanda mtandio mpana, kisanduku kikajificha kiunoni mpaka alipofika mbele ya ubao. Tuliamkia. Aliitika kwa kichwa, akapeleka mkono nyuma, akabonyeza. Lakini alibonyeza kitufe kingine, na muuza dawa wa Mikese, ambaye alikuwa amerekodi tangazo lake humo ndani na kulisahau, akalipuka kutoka kiunoni mwa mama kwa sauti ya kiume iliyojaa furaha: "Panya! Mende! Kunguni! Viroboto!"

Na sisi, kwa kuwa ndivyo tulivyofundishwa, tukarudia. "Panya! Mende! Kunguni! Viroboto!"

"Wanakufa papo hapo!"

"Wanakufa papo hapo!"

Kutoka upande wa pili wa ukuta tulimsikia Mwalimu Desideria akiangua kicheko chake, na darasa lake lote likamfuata. Mama alihangaika na vitufe mpaka yule mtu, aliyekuwa ameanza orodha yake upya, akakatwa katikati ya viroboto. Alisimama. Nilimwona akiwaza kukivua. Kisha ilikuja ile sauti ya chini, ikatufikia sote, mpaka kwa waliokaa sakafuni nyuma kabisa.

"Ahsanteni. Mmesoma vizuri. Sasa tuendelee na ba."

Tuliendelea na ba. Tulifika bo, na bo ilikuwa nzima. Tukaendelea mpaka bu, na hapo mvua ikashuka mlimani na kupiga bati. Kwa mazoea ya tangu koo lake liharibike, tulikunja mikono. Mama hakupandisha sauti. Aligeuza kitufe kidogo, akatoka mbele ya ubao, akaanza kutembea katikati ya madawati huku akitamka, na popote alipopita somo lilikuwa linapita naye. Watoto waliogeuka kumfuata kwa macho walisoma wakiwa wamegeuka. Nilikuwa sijawahi kusoma neno zima ndani ya mvua. Siku ile tulisoma baba, tukasoma bibi, tukasoma babu, tukiimba dhidi ya bati kwa sauti zetu wenyewe, na yeye aliyetuongoza alikuwa anazungumza tu, kama mtu aliyeketi jikoni.

Mwalimu Mkuu alikuwa amekimbilia baraza ya darasa letu asilowe. Alisimama mlangoni, maji yakimtiririka kwenye suruali, akasikiliza. Hakuingia. Mvua ilipokoma bado alikuwa hapo.

Habari zilitutangulia getini. Mama Tausi, muuza mchicha, mwenye mtoto darasani kwetu, alikuwa anamngoja.

"Mwalimu, kwangu panya wamezidi. Unapita lini?"

Watu walicheka. Mama hakuwa amekivua. Alijibu kwa kisanduku, bila haraka, ili wote wasikie. "Nitapita jioni, Mama Tausi. Mwambie Tausi aandae kitabu. Nikimaliza panya tunasoma ukurasa aliouruka."

Walicheka tena, na safari hii Mama Tausi alicheka kuliko wote. Tangu siku hiyo walimwita Mwalimu Panya kwa mapenzi, naye akaitika.

Lakini jina bado lilikuwa kwa Afisa. Mama alipomwendea Mwalimu Mkuu ofisini, mimi nikimsubiri mlangoni, alimkuta na aibu yake. "Nimesikia, Mwalimu. Siwezi kukataa nilichosikia. Ila mimi ndiye niliyempelekea jina. Nikirudi kulifuta nitaonekana kigeugeu. Mpigie wewe. Na upige kabla shule haijafungwa, maana akishapanga, amepanga."

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, barazani kwetu. Mjomba Shabani alikuwa anamenya karanga, mimi nikiokota maganda. Mama alijifunga kisanduku, akavaa maiki, akabonyeza namba na kuiweka simu kwenye spika. Iliita. Afisa alipopokea, mama alisogeza mdomo kwenye maiki na simu kwenye kisanduku, na vyote vitatu vikapiga mluzi mmoja ulionifanya nizibe masikio.

"Haloo? Haloo? Tangazo gani hili?" ilisema simu, kisha ikakatwa.

Mjomba alifuta mikono. "Lete. Nitazungumza mimi. Mimi ni kaka yako, nina haki ya kusema kwa niaba yako."

Ilikuwa kweli. Hakuna ambaye angelaumu, si hapa kwetu. Nilitamani mama ampe. Badala yake alifungua mkanda, akakivua kisanduku, akavua maiki, akaviweka vyote kwenye benchi. Nilidhani amekata tamaa. Alikohoa kidogo, akanywa maji, akabonyeza namba upya.

"Haloo? Haloo, sikusikii, mtandao—"

"Usikate." Ilikuwa sauti yake mbovu, ya jioni, yenye mikwaruzo, tupu bila kitu cha kuisaidia. "Mtandao ni mzima. Hii ndiyo sauti yangu. Ni Mwalimu Zaina, wa Darasa la Kwanza."

Afisa alijibu kwa upole: "Ohoo, Mwalimu. Pole sana. Mkuu wako aliniambia. Umepiga kuthibitisha habari ya stoo?"

"Nimepiga kuikataa."

Mjomba alishika karanga moja bila kuimenya.

"Lakini Mwalimu," alisema Afisa, "nakusikia ulivyo. Utafundishaje?"

"Mpaka hapa kuna neno langu limekupita?"

"Hapana."

"Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Wewe ni mtu mmoja, nimekupigia kwa koo langu. Watoto ni wengi, kwao nina kifaa. Njoo uwasikilize wakisoma. Wasipokusomea, stoo nitakwenda mwenyewe, nitabeba na funguo."

Afisa alicheka, kicheko kifupi cha mtu aliyeshtukizwa. Tulisikia kiti kikisogea upande wake. "Mkuu alinipa picha kwamba wewe mwenyewe unaomba kupumzika."

"Sijaomba. Ninachoomba ni darasa langu."

"Basi baki nalo, Mwalimu. Jumatatu nitamwambia Mkuu."

Mjomba Shabani alitupa ile karanga mdomoni na ganda lake. Mimi nilisimama, nikingoja mama aage, ashukuru, akate simu, ili tupige kelele. Mama alivuta pumzi, akaisogeza simu karibu zaidi na mdomo.

"Ahsante sana, Afisa," alisema. "Sasa tuzungumzie madawati."